Aachaye Nyama na Samaki Asiache Kitoweo

Katika visiwa vyetu, mtu aulizapo nyumbani kumepikwa nini, haulizii wali wala ugali, aulizia kitoweo. Samaki ndiye aliyetulea, na pweza, ngisi na dagaa ndio waliotufundisha mapishi. Kwa hiyo mwenzetu anapotangaza kwamba tangu leo hatii kinywani nyama, samaki, mayai, maziwa wala kitu chochote kitokanacho na mnyama, jamaa zake hupigwa na butwaa. Wako wamchekao, wako wamwoneao huruma, na mpishi wa nyumba hubaki na swali moja tu: sasa huyu tumpe nini?

Watu wa namna hiyo si wengi kwetu, lakini wapo, na sababu zao ni mbalimbali. Yupo aliyeshauriwa na daktari apunguze mafuta ya wanyama, naye akaona bora aache kabisa. Yupo aliyeguswa na hali ya wanyama wafugwao. Safu hii haikusudii kumhukumu mtu kwa sahani yake. Jambo tunalotaka kulisema leo ni moja: mtu aweza kuacha nyama na samaki na afya yake ikabaki salama, lakini hawezi kuacha kitoweo. Anayebaki na wali mweupe na mchuzi wa tungule, au chipsi na chai ya rangi, hakubadili chakula, bali amejinyima chakula. Mwili unahitaji protini ya kujijenga, na nyama ikiondoka, hapana budi kitu kingine kishike nafasi yake.

Watu wa Mashariki ya Mbali walikwisha kulijibu swali hilo zamani kwa soya, ambayo zaidi ya thuluthi ya uzito wake ikiwa kavu ni protini. Mapokeo ya Wachina humtaja Liu An, mtawala aliyefariki mwaka 122 kabla ya Kristo, kuwa ndiye mwanzilishi wa tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa na kukamuliwa maji mpaka yakawa kipande cheupe mfano wa jibini. Ikiwa hayo ni historia au ni hadithi, chakula chenyewe kilienea hadi Japani, ambako watawa wa Kibudha wasiokula nyama walikifanya kitoweo chao, na hadi Indonesia, ambako huitwa tahu na huuzwa barabarani kama tuuzavyo sisi bajia. Yafaa tukumbuke kwamba Java na Okinawa ni visiwa kama vyetu. Watu wake wana bahari mbele yao, na hata hivyo hawakuidharau soya. Tena mvuna chumvi wa Pemba atafurahi kusikia kwamba kigandishio cha asili cha tofu huko Japani ni yale maji machungu yabakiayo baada ya chumvi kuganda.

Sisi tunaweza kuanza kwa ndimu. Chukua nusu kilo ya soya kavu, ichambue, iosha, kisha iroweke usiku kucha. Asubuhi isage pamoja na maji, jumla yake yapata lita nne, halafu ikamue kwa kitambaa safi kama ukamuavyo tui. Maziwa hayo yachemshe kwa robo saa huku ukikoroga, wala usiondoke jikoni, kwani povu lake hupanda ghafla na kumwagika. Usilifupishe zoezi hilo, maana soya isiyoiva humzuia mlaji asiipate protini yake sawasawa. Epua, ngoja moto upungue kidogo, kisha mimina polepole nusu kikombe cha maji ya ndimu yaliyochanganywa na kikombe kimoja cha maji. Koroga taratibu mara chache, funika, na uache kwa dakika 15. Utaona mabonge meupe yametengana na maji ya manjano. Yachuje katika kitambaa, yafunge, na uyagandamize kwa kitu kizito kwa nusu saa. Hiyo ndiyo tofu. Machicha yake usiyatupe. Changanya na vitunguu, kotimiri na unga kidogo, kaanga kababu mpaka ziive barabara.

Mpishi mgeni hushindwa kwa sababu huipika tofu kama apikavyo samaki, ambaye amekuja na ladha yake kutoka baharini. Tofu haina ladha kubwa. Hupokea ile inayopewa. Kwa hiyo kwanza ikamuliwe maji, pili itiwe chumvi na kitu kikali kabla ya kuona moto, na tatu moto wenyewe uwe wa kutosha.

Pishi la kwanza ni la kukaanga. Kata vipande vya unene wa kidole, vikaushe kwa kitambaa, vipake chumvi, manjano, thomu iliyopondwa na maji ya ndimu. Vipitishe katika unga wa muhogo, kisha uvikaange katika mafuta yaliyopata moto mpaka vibadilike rangi pande zote mbili. Vipande hivyo huliwa kwa kachumbari, hutiwa katika urojo, au humaliziwa katika mchuzi.

Pishi la pili ni la kuvuruga, nalo humfaa mwenye haraka ya asubuhi. Kaanga kitunguu, tungule na pilipili boga, tia manjano na chumvi, kisha ivunjevunje tofu kwa mkono na uivuruge humo kwa dakika tano. Ukiila kwa chapati, hutayakumbuka mayai.

Pishi la tatu ndilo letu hasa, nalo ni tofu ya kupaka. Kata vipande vinene, vipake thomu, tangawizi, pilipili, chumvi na ndimu, uviache nusu saa. Vichome juu ya seredani, wavu ukiwa umepakwa mafuta ili visigande. Wakati huo chemsha tui zito pamoja na manjano na ukwaju mpaka lishikamane, kisha uwe unavipaka vipande huku ukivigeuza. Mwenye kujua samaki wa kupaka hahitaji kufundishwa zaidi. Wahenga walisema kwamba mchele ni mmoja, mapishi mbalimbali.

Hata hivyo, tahadhari zipo. Vitamini B12 haipatikani ya kutegemewa katika vyakula vya mimea, na upungufu wake hudhuru damu na neva. Mwenye kuacha kabisa vyakula vya wanyama lazima aipate kwa vidonge au kwa vyakula vilivyoongezewa, na mja mzito au mama anyonyeshaye amwone daktari mapema. Wako pia watu ambao miili yao haipatani na soya. Tena tofu huharibika upesi: asiye na jokofu aipike siku hiyo hiyo, na mwenye nalo aiweke ndani ya maji safi, ayabadilishe kila siku, wala asiikawize zaidi ya siku tatu au nne.

Kwa viongozi wetu tuna maneno mawili. La kwanza, mgonjwa anapoambiwa hospitalini aache chakula fulani, aambiwe papo hapo ale nini badala yake, na aambiwe kwa majina ya vyakula vya sokoni kwetu. Katazo lisilo na mbadala humpeleka mgonjwa katika njaa, au humrudisha katika chakula kile kile kwa siri. La pili, soya hulimwa Bara, katika mikoa kama Ruvuma na Mbeya, na hoteli zetu za pwani hupokea wageni wasiokula chochote cha mnyama. Maofisa lishe na mabibi shamba wakivifundisha vikundi vya akina mama kutengeneza tofu safi, na wakaguzi wa afya wakavisimamia, vikundi hivyo vitapata pato na wananchi watapata kitoweo kipya.

Hatumwambii mvuvi auze mtego wake. Bahari ni yetu na samaki ni chakula chema. Tunasema tu kwamba mwenzetu aliyechagua sahani nyingine asiachwe akae mezani na wali mtupu, ilhali nazi, ndimu, ukwaju na seredani vimo jikoni mwetu vikimngoja.