Darubini ya Shule Ichaguliwe kwa Anga Yetu

Mwalimu mmoja wa fizikia katika shule ya upili hapa Machakos aliniuliza majuzi ni darubini ipi akinunulie chama cha sayansi cha shule yake, kwa fedha ambazo wazazi na wanafunzi walizichanga kwa taabu. Huenda msomaji akashangaa swali hilo kuletwa kwa mhadhiri wa isimu. Hata hivyo, hasara nyingi za wanunuzi wa darubini huanzia katika maneno, yaani maneno ya sandukuni yanayoahidi yasiyowezekana. Msimamo wangu ni huu: chombo na kichaguliwe kwa kuiangalia anga ya mahali kitakapotumika, wala si kwa sifa zilizotungwa kwa ajili ya soko.

Neno darubini asili yake ni Kiajemi, nalo limeunganisha maana mbili: mbali na kuona. Lakini kazi kubwa ya chombo hiki si kuvuta vilivyo mbali. Kazi yake kubwa ni kukusanya mwanga. Nyota nyingi hatuzioni kwa sababu mwanga wake ni hafifu mno kwa mboni ya jicho. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza dukani ni kipenyo cha lenzi ya mbele au cha kioo kinachopokea mwanga. Wanafunzi wa hisabati watatambua kwamba mwanga unaokusanywa huongezeka kwa mraba wa kipenyo. Kioo cha milimita 150 hukusanya mwanga zaidi ya mara 6 ya ule wa lenzi ya milimita 60.

Sanduku nalo hutangaza jambo jingine kabisa. Utakuta darubini ndogo ya milimita 60 imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hukuza mara 500. Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya machoni. Darubini yenye fokasi ya milimita 1,200, ikitiwa lenzi ya machoni ya milimita 25, hukuza mara 48. Ikitiwa ya milimita 10, hukuza mara 120. Yeyote aweza kuipandisha hesabu hiyo kwa kubadili lenzi. Lakini kanuni inayokubaliwa na wengi ni kwamba ukuzaji wenye manufaa hauzidi sana mara mbili ya kipenyo kwa milimita. Chombo cha milimita 60 kikipita mara 120, mtazamaji ataona ukungu uliokuzwa, basi. Mwanafunzi aliyeahidiwa pete za Zohali akaonyeshwa ukungu, yamkini hatarudi tena.

Jambo la pili ni kitako, na hapa ndipo anga yetu inapotofautiana na ya Ulaya. Machakos iko takriban digrii moja na nusu kusini mwa Ikweta. Darubini nyingi huuzwa zikiwa na kitako ambacho mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, ili chombo kifuate mzunguko wa nyota. Mjini London mhimili huo huinuka zaidi ya digrii 50. Kwetu hauna budi kulala karibu sambamba na ardhi, na vitako vingi vilivyoundwa kwa nchi za kaskazini haviwezi kuinamishwa kiasi hicho. Ile nyota ya kaskazini inayotajwa katika maelezo yake, sisi imetufichamia kwenye upeo.

Kinachotufaa ni kitako sahili kinachozunguka kushoto na kulia, kikapanda na kushuka. Maarufu zaidi ni kile cha John Dobson wa San Francisco, Marekani, ambaye tangu miaka ya 1960 alifundisha watu wa kawaida kujitengenezea darubini kubwa kwa gharama ndogo. Kitako chake ni sanduku la mbao tu. Katika kaunti iliyo na Wamunyu, ambako ustadi wa wachongaji wa Kikamba unajulikana mbali, fundi hatakosekana. Shule ikinunua kioo chema na lenzi mbili, mbao na mikono tunayo.

Ikiwa fedha hazitoshi, darubini ya macho mawili yenye maandishi 7x50 au 10x50 ni afadhali kuliko darubini duni ya miguu mitatu inayotikisika kwa upepo. Ikiegemezwa ukutani isitikisike, itaonyesha mashimo ya mwezini, na hata miezi minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliigundua mwaka 1610. Mwezi nao usitazamwe ukiwa mpevu, bali ukiwa nusu, vivuli vinapoyachora mabonde yake.

Majira pia yana amri. Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huziba anga, na mawingu ya baridi ya Julai si haba. Januari na Februari ndiyo miezi ya neema. Yapata saa mbili usiku, katikati ya Januari, Kilimia huwa juu upande wa kaskazini, jina ambalo wazee walilitoa katika kulima kwa kuwa nyota hizo ziliwaongoza mashambani. Walimu wawapeleke wanafunzi mbali na taa za mji, wazoeshe macho giza kwa dakika 20, ndipo wafungue darubini.

Kuna onyo moja lisilo na mjadala. Darubini isielekezwe kwenye jua kamwe bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wa mbele. Vile vidogo vya kufungwa kwenye lenzi ya machoni hupasuka kwa joto. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, nasi Kenya tutaona sehemu tu ya tukio hilo. Maandalizi yaanze sasa, kwa maana jicho likiungua halina dawa.

Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, kilirushwa chombo cha kwanza duniani kilichotengwa kuchunguza eksirei zitokazo katika nyota. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, wageni wakakiita Uhuru. Jina letu lilipaa, lakini hatukulitunga sisi, wala chombo hakikuwa chetu. Mwanafunzi anayejua kipenyo ni nini, anayetofautisha darubini na hadubini, na anayeitambua Kilimia kwa jina lake, ameanza kuufupisha umbali huo. Walimu, ulizeni kipenyo, kagueni kitako, na namba za sandukuni muwaachie waliozichapisha.