Winchi ya gari: Nambari ya kibandikoni haitoshi kwa mito ya mchanga Kitui na Makueni

Kwa miezi mingi ya mwaka, Mto Tiva katika Kaunti ya Kitui huwa ni ukanda mpana wa mchanga mkavu ambamo mifugo hupita na wanawake huchimba visima vifupi kutafuta maji yaliyojificha chini. Ndivyo ilivyo mito ya Thua na Enziu, na vilevile Kaiti na Thwake katika Kaunti jirani ya Makueni. Mvua za Novemba zinapoanza, mito hiyo hufurika kwa saa chache, kisha hupungua na kuacha mchanga uliolowa, nao ndio unaonasa magari.

Si ajabu basi kwamba afisa wa mifugo, mfanyabiashara wa ndengu au dereva wa zahanati anayetegemea pikapu yake hutamani kufungiwa winchi, ile mashine yenye ngoma na waya inayokazwa kwenye bampa ya mbele ili gari liweze kujivuta lenyewe. Akifika dukani jijini Nairobi huuliza bei, kisha huuliza nguvu, naye muuzaji humwonyesha nambari iliyo kwenye kibandiko. Nambari hiyo ni ya kweli, ila inaeleza jambo dogo kuliko mnunuzi anavyodhani.

Winchi nyingi hupimwa kwa ratili. Ile iliyoandikwa 9,500 ina uwezo wa kuvuta kilo 4,300 hivi. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi ni kwamba winchi iwe na nguvu mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limejaa mizigo na watu. Pikapu ya Toyota Hilux au Isuzu D-Max iliyopakiwa hukaribia kilo 3,000, kwa hiyo inahitaji winchi ya kilo 4,500, yaani ratili 10,000 hivi. Land Cruiser iliyobeba mapipa ya maji itahitaji zaidi, na ndiyo sababu wenye magari kama hayo huchagua ya ratili 12,000.

Hata hivyo, nguvu hiyo hupatikana waya unapokuwa umebaki tabaka la kwanza tu juu ya ngoma. Kadiri waya unavyojikunja tabaka juu ya tabaka, ngoma hunenepa na nguvu hupungua. Kwenye tabaka la mwisho winchi huweza kupoteza takriban theluthi moja ya nguvu zake. Dereva anayefunga ndoano kwenye mti ulio hatua chache tu mbele yake, huku karibu waya wote ukiwa bado umekunjwa, anatumia winchi dhaifu kuliko aliyonunua.

Upande wa pili wa hesabu ni mchanga wenyewe. Gari linalosimama juu ya mchanga laini bila kuzama huweza kuvutwa kwa nguvu isiyozidi robo ya uzito wake au zaidi kidogo. Likizama, mambo hubadilika. Miongozo ya jeshi la Marekani ya kunasua magari hukadiria kwamba gari lililozama hadi kwenye magurudumu huhitaji nguvu inayolingana na uzito wake wote, na lililozama hadi kwenye madigadi huhitaji mara mbili ya uzito huo. Pikapu ya kilo 3,000 iliyofukiwa namna hiyo itahitaji kilo 6,000, na hakuna winchi ya kawaida ya pikapu inayoweza kutoa nguvu hiyo kwa mvuto wa moja kwa moja.

Hapo ndipo koleo, chombo cha bei ya chini kabisa katika mjadala huu, linapopata heshima yake. Kuondoa mchanga mbele ya magurudumu na chini ya gari kunaweza kushusha hitaji la nguvu kutoka mara mbili ya uzito hadi nusu yake, jambo ambalo hakuna fedha inayoweza kulinunua dukani. Aidha, kupunguza upepo wa magurudumu kutoka presha ya 35 hadi karibu 18 kabla ya kuingia mtoni huyafanya yatambae juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Sharti pawe na pampu ndogo ya kuyajaza tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Dereva aepuke pia kuvuka mto sehemu iliyo juu tu ya bwawa la mchanga. Kuta hizo za zege na mawe, ambazo zimejengwa kwa mamia Kitui na Makueni ili kuhifadhi maji, hukusanya mchanga wa kina kirefu uliojaa maji chini hata kama juu umekauka.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana ni mwelekeo. Winchi ya bampa ya mbele huvuta gari kuelekea mbele. Gari likinasa mita chache tu baada ya kuingia mto wenye upana wa mita 60, winchi yenye waya wa mita 30, ambao ndio urefu wa kawaida, haitafika ng'ambo. Katikati ya mto hakuna mti wala mwamba wa kufungia. Kile ambacho dereva anakihitaji ni kurudi nyuma kwenye ukingo alikotoka, na mashine yake ghali inatazama upande usiofaa.

Ndiyo maana winchi ya mkono, ambayo madereva wakongwe huijua kwa jina la kiwanda, Tirfor, bado ina nafasi yake katika maeneo haya. Ni chombo kinachokaza waya kwa kusukumwa mtaimbo wake mbele na nyuma. Hakihitaji betri, hufanya kazi hata injini ikiwa imezama, na hufungwa mbele, nyuma au ubavuni. Kuna ya kilo 1,600 na ya kilo 3,200, nayo huweza kuazimwa na jirani au kuhamishiwa gari jingine. Kasoro yake ni jasho na muda, kwani huvuta sentimita chache kwa kila msukumo. Kwa mwenye gari moja anayevuka mto mara mbili kwa mwezi, huenda hii ikawa ununuzi wa busara kuliko winchi ya umeme yenye taa na rimoti.

Anayevuka kila siku ana sababu ya kutaka ya umeme. Kampuni ya Warn ya Marekani iliuza winchi yake ya kwanza ya umeme kwa magari mwaka wa 1959, na aina hiyo ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Inaweza kufanya kazi kwa muda mfupi injini ikiwa imezimika, tofauti na zile zinazozungushwa na giaboksi au na mafuta ya pampu ya usukani, ambazo hufa pamoja na injini. Lakini ikivuta kwa nguvu zake zote hufyonza zaidi ya ampea 400, kiasi ambacho altaneta ya gari haiwezi kurudisha kwa kasi hiyo. Betri kuukuu haitastahimili. Mota nayo hupata moto haraka, hasa katika joto la Kibwezi au Mutomo, hivyo ni lazima ivute kidogo na kupumzishwa. Mnunuzi atafute iliyozibwa dhidi ya maji kwa kiwango cha IP67 au zaidi, na afahamu kwamba winchi pamoja na bampa yake huongeza mzigo mzito juu ya springi za mbele.

Kuhusu kamba, wengi huvutiwa na ile ya nyuzi za plastiki kwa sababu ni nyepesi na haichomi mikono. Hata hivyo, jua kali huidhoofisha na chembe za mchanga huikata kutoka ndani, kwa hiyo inahitaji kifuniko na kuoshwa mara kwa mara. Waya wa chuma huvumilia mawe na uzembe, ila ukikatika hurudi kwa kishindo na unaweza kumuua mtu. Koti zito au gunia lenye mchanga lililotandikwa katikati ya waya hupunguza hatari hiyo, na watazamaji, ambao hawakosekani pale gari linaponasa, wasogezwe mbali na waya kuliko urefu wake.

Kifaa ambacho hakifai kukosekana ni kapi. Waya ukipitishwa kwenye kapi lililofungwa kwenye mti kisha ukarudishwa kufungwa kwenye chesisi ya gari, nguvu hukaribia kuongezeka mara mbili, na kwa kuwa waya mwingi hutoka kwenye ngoma, winchi huwa katika tabaka lake lenye nguvu. Mti nao hubeba mzigo huo maradufu. Ufungwe chini, karibu na ardhi, kwa mkanda mpana usiochubua gome. Mkwaju au mkuyu wa ukingoni hufaa. Pasipo mti, gurudumu la akiba huzikwa wima kwenye shimo refu likafungwa mnyororo, na kuwa nanga.

Kazi hizo zote huchukua muda. Kuchimba, kutafuta nanga, kufunga kapi na kuvuta kwa mwendo wa mita moja au mbili kwa dakika huweza kumaliza saa nzima, na mafuriko ya mito hii hayasubiri saa nzima. Mvua inaweza kunyesha kwenye milima ya Mbooni au Kilungu huku bondeni anga likiwa jeupe. Mnamo Desemba 4, 2021, basi lililowabeba wanakwaya waliokuwa wakielekea harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na mji wa Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafariki. Lilikuwa likijaribu kuvuka maji yaliyokuwa yakipita juu ya barabara. Hakuna winchi iliyotengenezwa kwa ajili ya maji ya namna hiyo, na yule aliyeifunga kwenye bampa hana ruhusa zaidi ya mwenye Probox aliyeegesha ukingoni akisubiri maji yapungue.