Mwangaza ndani ya uzi wa kioo

Wanafunzi wenzangu, simu na intaneti zinapita kwa mwangaza ndani ya uzi wa kioo. Lakini zamani mwangaza ule ulikufa njiani. Wengi waliwaza: kioo njo kibaya. Mwaka 1966, kule Uingereza, Charles Kao akajibu: hapana, ubaya ni uchafu ndani yake, kama vile chuma.

Mwaka 1970, kampuni Corning ya Marekani ikatengeneza uzi safi: nyuma ya kilometa 1, mwangaza ulibaki karibu 2 kwa 100. Leo, 1 kwa 100 inabaki hata nyuma ya kilometa 100.

Mwaka 1987, wataalamu wa Southampton wakaonyesha namna erbiyumu kidogo ndani ya uzi, ikipewa nguvu na laza, inakuza mwangaza bila kuugeuza umeme. Basi, si kila kitu kigeni ndani ya kioo ni adui. Tuchunguze mbele ya kuhukumu.