Chuo cha Upelelezi Kihamie Wapi? Mafunzo ya Mwambao wa Mweru

Serikali inapoazimia kuhamisha chuo chake cha upelelezi wa kijeshi, aghalabu wakubwa huinamia ramani, wakapima umbali wa barabara na bei ya ardhi, wakahesabu majengo yaliyopo na yatakayojengwa, kisha wakatoa amri. Na ni nadra kuwapitikia kwamba chuo cha namna hiyo ni jamii ya walimu na wanafunzi ambao kazi yao ni kusoma picha na ramani, kufasiri hati zilizotwaliwa vitani, kuhoji mateka bila dhuluma, na kuisikiliza lugha ya watu wengine mpaka maana yake iwe dhahiri. Hazina yake imo vichwani mwa watu, na madhali imo humo, sharti mahali pake pachaguliwe kwa kuwatazama watu kwanza na ardhi baadaye.

Ushahidi wa neno hili wapatikana katika mwambao wa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, ilipo leo wilaya ya Nchelenge pamoja na mji wa wavuvi wa Kashikishi. Mwaka 1891 Waingereza walisimamisha boma lao la kwanza la ziwa hilo huko Chiengi, upande wa kaskazini, wakitazamana na Dola ya Kongo ya Mfalme Leopold. Wakaliacha, wakahamia ukingo wa mto Kalungwishi. Kisha, mwanzoni mwa karne ya 20, wakapaacha hapo pia, wakapanda nyanda za juu mpaka Kawambwa. Uchaguzi wa kwanza na wa pili ulikuwa na mantiki yake, kwa kuwa akaaye ukingoni huiona mitumbwi ikivuka, huzipata habari za ng'ambo zingali mbichi, na huijua misafara ipitayo. Lakini mwambao ule, ulio takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, una joto na mbu wengi, na vichaka vyake vilikuwa na mbung'o waletao malale. Homa ikawadhoofisha maofisa. Na katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya Kwanza, kwa hofu ya malale, watawala wakawaondoa hata wenyeji wa mwambao, wakiwatenga na uvuvi uliokuwa riziki yao. Mahali palipofaa kwa kutazama mpaka hapakufaa kwa kuishi, na gharama ya kosa hilo wakailipa zaidi wale ambao hawakushauriwa.

Maradhi si sababu pekee iwezayo kukiondoa chuo mahali pake, maana chuki nayo hufanya kazi iyo hiyo, kama ilivyotokea Marekani. Tarehe 1 Novemba 1941, wiki tano kabla ya Pearl Harbor kushambuliwa, jeshi la nchi hiyo lilifungua kwa siri chuo cha lugha ya Kijapani huko San Francisco, ndani ya banda la zamani la ndege katika kambi ya Presidio. Wanafunzi walikuwa 60, na wote ila wawili walikuwa Nisei, yaani wazaliwa wa Marekani ambao wazazi wao walitoka Japani. Na mwalimu wao mkuu, mwanasheria John Aiso, alikuwa wa asili hiyo hiyo. Februari 1942 Rais Roosevelt akatia saini amri ambayo kwayo watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani waliondolewa katika pwani ya magharibi na kufungiwa makambini, hata ikawa chuo kinaihitaji lugha ya watu wale wale wanaofukuzwa katika mitaa inayokizunguka.

Kai Rasmussen, ofisa mzaliwa wa Denmark aliyekuwa na dhima ya chuo hicho, akazunguka majimbo kutafuta makazi mapya, na magavana kadhaa wakakataa kuwapokea vijana wale. Harold Stassen, gavana wa Minnesota, akawakaribisha, akatoa Camp Savage, mahali walipokuwa wakitunzwa wazee mafukara. Palikuwa na baridi kali, mbali na bahari na mbali na vita, na majengo yake yalikuwa duni. Lakini majirani waliwakubali, na mwanafunzi aliweza kutoka Jumamosi kwenda mjini bila kutukanwa. Masomo yakaanza Juni 1942 kwa wanafunzi wapatao 200. Agosti 1944, nafasi ilipokuwa finyu, chuo kikahamia Fort Snelling katika jimbo lilo hilo, na mwaka 1946 kikaenda Monterey, California. Wahitimu wake wapatao 6,000 walifasiri hati za adui na kuhoji mateka katika visiwa vya Pasifiki na Burma, na vita vilipokwisha wengi wakatumika Japani kwenyewe. Matunda hayo yote yalitegemea uamuzi wa kukipeleka chuo palipo na majirani wenye insafu.

Tuuchukue sasa mwambao wa Mweru, tuupime kwa mizani hiyo. Kwa upande wa lugha, Nchelenge ina utajiri: Kibemba ndicho lugha ya soko, na ng'ambo ya maji, Pweto na Kilwa ya Katanga, Kiswahili chasemwa kila siku. Tangu zamani watu wa pwani walifika huku. Livingstone alipoingia katika makao ya mtawala Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Na tangu mwanzoni mwa 2018 wilaya hii imekuwa na makazi ya Mantapala, ambamo wamo wakimbizi wa Kongo wasemao Kiswahili. Hata hivyo, mkimbizi aliyekuja kutafuta hifadhi asigeuzwe chombo cha upelelezi. Akifundisha lugha, afundishe kwa hiari yake, kwa mshahara wa haki, na jina lake lihifadhiwe.

Kwa upande wa afya, mizani yaelemea kwingine, kwa kuwa Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazosumbuliwa mno na malaria, na wauguzi wa hospitali ya misheni ya St Paul's, Kashikishi, wanaijua taabu hiyo kuliko mtunga ramani yeyote. Fauka ya hayo, mwanzoni mwa Desemba 2000, Pweto ilipotekwa, askari na raia kwa maelfu walikimbilia Zambia. Na chuo chenye hati za siri, kikiwa karibu na mpaka wa namna hiyo, kingelazimika kufunga virago au kuteketeza maktaba yake.

Kwa rai yangu, basi, mwambao huu wafaa kwa ziara za mazoezi ya lugha, lakini chuo chenyewe kingestahili kukaa nyanda za juu, kama boma lilivyopanda Kawambwa. Na popote pale litakapozuka shauri la kuhamisha chuo, waamuzi wawaulize kwanza walimu kama watakubali kuhamia na jamaa zao, kisha waganga kama pana afya, kisha wenyeji kama wako radhi kupokea wageni na kwa masharti gani. Na majibu hayo matatu yakiwa mikononi, ndipo waitwe wapima ardhi na wahasibu, maana wao hujua kujenga mahali palipochaguliwa, na kuchagua si kazi yao.