Kwa nini mpigaji bora wa besiboli wa mwaka 1943 alitambuliwa mwaka 2024?

Kwa takriban miaka 80, aliyefungua vitabu vya takwimu za besiboli ya Marekani akitafuta wapigaji walioongoza msimu wa 1943 alikuta majina mawili. Stan Musial wa St. Louis Cardinals aliongoza Ligi ya Taifa kwa wastani wa 0.357, na Luke Appling wa Chicago White Sox akaongoza Ligi ya Marekani kwa 0.328. Mwishoni mwa Mei 2024 liliongezwa jina la tatu: Josh Gibson wa Homestead Grays, aliyepiga kwa wastani wa 0.466.

Wastani huo hupatikana kwa kugawanya idadi ya mapigo yaliyomfikisha mchezaji salama kwenye kituo kwa idadi ya zamu zake za kupiga. Zamu ambazo mrushaji amekosea mara nne, mpigaji akaenda kituo cha kwanza bila kupiga, hazihesabiwi. Anayefikia 0.300, yaani mapigo matatu katika zamu kumi, huhesabiwa kuwa hodari. Gibson alikaribia matano.

Mbona basi hakuwamo vitabuni? Gibson alikuwa mweusi. Ligi kuu zilikuwa zimewafungia milango wachezaji weusi tangu karne ya 19, nao wakaunda ligi zao. Mwaka 1969 kamati iliyoketi kuamua ni ligi zipi za zamani zihesabiwe kuwa kuu haikuzijumuisha hizo. Uamuzi huo ulibatilishwa Desemba 2020, ambapo ligi saba za weusi za kati ya 1920 na 1948, zenye wachezaji zaidi ya 2,300, zilipewa hadhi ya ligi kuu. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kuhesabu, na watafiti walikuwa wamekwisha kuifanya kwa miaka mingi, wakipekua magazeti ya zamani, hasa yale ya weusi, mchezo baada ya mchezo.

Matokeo yake yaliwaondoa vigogo. Rekodi ya msimu mmoja iliyokuwa ya Hugh Duffy, 0.440 ya mwaka 1894, ilimwendea Gibson. Wastani wake wa maisha, 0.372, ulimpita Ty Cobb mwenye 0.367.

Wapo waliopinga, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mwaka 1943 timu za ligi mbili za wazungu zilipangiwa michezo 154 kila moja, ilhali michezo ya ligi ya Grays haikufika mia moja, na ni rahisi zaidi kudumisha wastani wa juu katika msimu mfupi. Lakini ufupi huo wenyewe ulitokana na ubaguzi: timu za weusi zilijipatia riziki kwa kusafiri mji hadi mji zikicheza michezo ya maonyesho, ambayo haimo katika hesabu. Zaidi ya hayo, mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ligi kuu yenyewe ilicheza michezo 60 tu, na wapigaji walioongoza msimu huo walitawazwa bila pingamizi kubwa.

Jambo ambalo halikuzungumzwa sana ni kwamba hesabu hiyo hiyo ilimpunguzia Gibson sifa nyingine. Bamba lake katika Jumba la Mashujaa huko Cooperstown, alikoingizwa mwaka 1972, linamtaja kuwa alivusha mpira nje ya uwanja karibu mara 800, kwa kujumuisha michezo ya kila aina. Katika michezo ya ligi iliyothibitishwa, idadi hiyo haifiki 200. Na bado hesabu haijakamilika: mwaka 2024 ilikadiriwa kuwa robo ya kumbukumbu za ligi hizo haijapatikana, hivyo takwimu zake huenda zikabadilika tena.

Gibson alifariki dunia Januari 20, 1947, akiwa na umri wa miaka 35. Aprili 15 mwaka huo, Jackie Robinson aliingia uwanjani akiichezea Brooklyn Dodgers.