Utasa Katika Ndoa: Maradhi Yanayozuilika na Lawama Zisizostahili

Miongoni mwa mambo yanayofika katika ofisi zetu za parokia hapa Kanda ya Ziwa, ni machache yanayosemwa kwa sauti ya chini kama utasa. Mara nyingi si wanandoa wenyewe wanaolileta. Huja mama mkwe, au mjomba wa mume, akiuliza iwapo Kanisa laweza kuitazama upya ndoa iliyotimiza miaka mitatu au minne bila mtoto. Jibu la sheria ni fupi. Kanuni ya 1084, aya ya tatu, yatamka kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Swali jingine huzuka tu pale mmoja alipomdanganya mwenzake kwa hila ili apate ridhaa yake, kama isemavyo kanuni ya 1098. Lakini baada ya jibu hilo linabaki swali ambalo ndugu hawaji nalo: ni nani aliyethibitisha kwamba sababu ni mwanamke?

Shirika la Afya Duniani huuita ugumba hali ya kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kukutana kimwili mara kwa mara pasipo kinga. Taarifa yake ya mwaka 2023 ilikadiria kuwa mtu mmoja kati ya sita hukutana na hali hiyo wakati fulani wa maisha yake. Katika takriban nusu ya ndoa hizo mwanaume anahusika, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Hata hivyo, wengi wetu tunawafahamu wanawake waliokwisha kupita kwa madaktari, kwa waganga na kwa waombeaji, ilhali waume zao hawajapimwa hata mara moja. Mwanaume mwenye nguvu za tendo la ndoa hudhani amekwisha kujitetea. Kumbe nguvu hizo na uzima wa mbegu ni mambo mawili tofauti. Kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko vipimo vingi anavyovipitia mwanamke. (Mintarafu namna ya kupata sampuli, wanandoa wazungumze na daktari na padre wao mapema: zipo njia zinazoheshimu tendo la ndoa, nazo hospitali zikiombwa huweza kuzikubali.)

Sasa tuje kwenye maradhi yenyewe. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1985 ulionesha kuwa Afrika inatofautiana na mabara mengine katika jambo hili: sehemu kubwa ya ugumba wa wanawake wetu ilitokana na maambukizi. Kisonono na klamidia hupanda kutoka shingo ya kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi, na mirija hiyo ni myembamba kiasi kwamba kovu dogo latosha kuiziba. Klamidia hukaa mwilini kwa muda mrefu bila maumivu wala dalili yoyote. Maambukizi yanayofuata uzazi usio salama, au utoaji wa mimba, huacha makovu ya namna ileile. Ndiyo maana mama aliyemzaa mtoto wa kwanza bila shida aweza kukaa miaka kumi akimsubiri wa pili. Yakigunduliwa mapema, maradhi haya hutibika kwa dawa za kawaida za zahanati, mradi mume na mke watibiwe pamoja. Anayetibiwa peke yake huambukizwa tena nyumbani kwake.

Upo ugonjwa mwingine ambao kwetu ungestahili kutajwa kabla ya yote, nao hautokani na uasherati wa mtu yeyote. Ni kichocho. Wengi wanakijua kwa mkojo wa damu wa watoto, na wapo wazee waliouchukulia mkojo huo kuwa dalili tu ya kijana kukua. Minyoo ya kichocho cha mkojo huishi katika mishipa ya damu na kutaga mayai. Mayai mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa katika kibofu, katika shingo ya kizazi, hata katika mirija. Yakinasa huko huleta vidonda, uchafu usio wa kawaida, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa, na baadaye makovu. Mimba yaweza kutunga nje ya mji wa mimba, au isitunge kabisa.

Tutafakari basi kinachotokea nyumbani. Mke anatokwa na uchafu wenye damu; mume anahitimisha kwamba ameletewa ugonjwa wa zinaa. Muuguzi asiyekifahamu kichocho cha via vya uzazi humpa dawa za magonjwa ya zinaa, dalili hazikomi, na shaka inageuka kuwa uhakika. Mwanamke mwaminifu anahukumiwa kwa sababu ya maji aliyoyakanyaga akiwa binti wa miaka tisa, akichota kwenye lambo au akipanda mpunga katika jaruba la baba yake. Konokono wanaobeba vimelea vya aina hii hukaa zaidi katika malambo, madimbwi na majaruba ya bara, ilhali kwenye fukwe za Ziwa Viktoria kinachotawala ni kichocho cha tumbo. Kumbe familia inayoishi mbali na ziwa haina sababu ya kujiona salama.

Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli, ambayo watoto wetu huigawiwa shuleni. Huua minyoo, lakini haifuti makovu yaliyokwisha kujengeka. Kwa hiyo binti aliyeacha shule mapema, akaikosa, ndiye aliye hatarini zaidi. Ifahamike pia kwamba mkojo waweza kupimwa usionekane na yai hata moja, ilhali vidonda vipo kwenye via vya uzazi. Mama amweleze daktari waziwazi alikokulia na maji aliyoyatumia.

Kuhusu homoni tutasema machache, kwani siku hizi neno hilo limekuwa kapu la kila kitu. Ni kweli kwamba tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au pungufu, hedhi huvurugika na mimba huharibika. Ni kweli pia kwamba wapo wanawake ambao mayai yao hayapevuki ipasavyo, na wengi wao husaidiwa na dawa. Lakini hayo hujulikana kwa kipimo cha damu na uchunguzi wa daktari. Chupa ya "kusawazisha homoni" inayouzwa stendi kwa mtu ambaye hajapimwa chochote ni biashara juu ya machozi ya watu.

Wapo waamini wanaoogopa kwamba Kanisa linakataza matibabu ya ugumba. Sivyo. Hati Dignitas Personae ya mwaka 2008, namba 13, inataja matibabu ya homoni, upasuaji na uzibuaji wa mirija kuwa ni halali, kwa sababu huondoa kizuizi ili tendo la ndoa lenyewe lizae matunda. Kinachokataliwa, tangu Donum Vitae ya mwaka 1987, ni utaratibu unaolibadili tendo hilo na kazi ya maabara. Hati hiyohiyo inafundisha kwamba mtoto ni zawadi, wala si haki ya kudaiwa. Fundisho hilo wakwe nao walisikie.

Tunapendekeza kichocho na magonjwa ya zinaa vitajwe kwa majina yake katika mafundisho ya ndoa, na WAWATA wamwalike mganga wa zahanati walau mara moja kwa mwaka. Wanaume waalikwe pia. Kikao cha wanawake peke yao kitarudisha mzigo palepale ulipokuwa.

Jambo la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Katika baadhi ya jumuiya zetu, wanandoa wasio na mtoto hupitwa kimyakimya inapofika kuchagua wasimamizi wa ubatizo. Kanuni ya 874 inataja sifa zinazotakiwa: umri wa miaka 16, Kipaimara, Ekaristi, maisha yanayolingana na imani, na kutokuwa baba au mama wa anayebatizwa. Kuwa na mtoto hakumo.