Mbuzi wa Mradi ni Mbuzi wa Nani? Namna ya Kuyabeba Mashirika Madogo ya Kijijini Kwetu

Leo tuweke kando kidogo habari za mbolea na viwavijeshi, kuna jambo limenikaa kichwani.

Wiki iliyopita nilikuwa mnadani, nikasimamishwa na mama mmoja wa kata niliyofanyia kazi zamani kabla sijahamishiwa huku. Akanisalimia, akauliza hali ya watoto, kisha akasema, "Bwana shamba, hivi lile shirika letu la mbuzi lilipotelea wapi? Mimi bado nasubiri." Nikacheka, nikidhani ananitania. Wala hakuwa na utani. Jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha ya waliokuwa wapewe mbuzi wa maziwa, na orodha ile niliiandika mimi kwa mkono wangu. Alishajenga na banda la kuinuliwa, sakafu ya mbao zenye nafasi ili kinyesi kidondoke chini, kama tulivyomfundisha. Sasa banda lile anafugia bata.

Pale mnadani sikuwa na jibu. Jibu lenyewe ni refu, na naona halimhusu yeye peke yake.

Tuanze kwa kuelewana kwanza. Ukisema "shirika" kijijini, watu wengi wanaona gari jeupe lenye nembo mlangoni na wageni wenye kofia. Yapo hayo. Lakini mengi ninayofanya nayo kazi ni watu saba au kumi, chumba cha kupanga nyuma ya duka, na pikipiki moja inayosubiri mafuta. Yanasajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002, na shirika linaweza kujisajili kufanya kazi ngazi ya wilaya tu, au mkoa, au taifa zima. Kutokulenga faida hakumaanishi hawaruhusiwi kushika pesa. Wanaweza kuuza chanjo, mbegu au miche, ila kinachobaki kinarudi kwenye kazi, hakigawanywi. Hapo ndipo wanapotofautiana na VICOBA, ambako mwisho wa mzunguko kila mtu anachukua chake, na AMCOS, ambayo ni biashara ya wanachama wenyewe. Nalieleza hili kwa sababu kila mwaka nakutana na mtu aliyekasirika eti shirika "halijatoa gawio". Gawio gani, ndugu yangu?

Sasa turudi kwa mbuzi. Mpango ulikuwa ule mnaoujua: kopa mbuzi, lipa mbuzi. Unapewa jike mwenye mimba au aliye tayari kupandwa, unamtunza, unakunywa maziwa, na mtoto jike wa kwanza akishaachishwa kunyonya na kukua kidogo unampeleka kwa jirani anayefuata kwenye orodha. Wazo hili si geni. Mkulima mmoja wa Marekani, Dan West, aligawa maziwa kwa watoto wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Hispania, akaona maziwa yanaisha na njaa inabaki, akafikiri afadhali kutoa ng'ombe kuliko kikombe. Mitamba ya kwanza ya shirika lililotokana na wazo lake ilisafirishwa mwaka 1944, na sharti lilikuwa aliyepokea naye ampe mwingine. Huku kwetu limekuja kwa ng'ombe na kwa mbuzi, na milima ya Mgeta mkoani Morogoro ni mahali ambapo mbuzi wa maziwa waliletwa tangu miaka ya 1980 kupitia Chuo Kikuu cha Sokoine.

Kwa hesabu ya karatasi mpango huu hauwezi kufa. Mbuzi anabeba mimba siku 150 hivi, mara nyingi anazaa mapacha. Ndani ya miaka miwili mbuzi mmoja anaweza kuwa amefika nyumba tatu. Lakini hesabu hiyo inamtegemea yule wa kwanza. Asipolipa, wa pili hapati, na wa tatu anaishia kufuga bata.

Wa kwanza kwetu hakulipa. Mtoto jike alizaliwa Oktoba, na Krismasi kukawa na ugeni. Nilipomuuliza mzee yule alinijibu bila aibu wala ubaya wowote: "Bwana shamba, si mbuzi wa mradi huyu? Wataleta wengine." Kwake ilikuwa kweli kabisa. Mbuzi wa mradi ni kama mvua, inatoka mahali isikojulikana na itarudi tena. Haikumpitia akilini kwamba amemchinja mbuzi wa jirani yake.

Dume naye alikuwa na hadithi yake. Dume mmoja wa mbegu anahudumia majike wa kijiji kizima, kwa hiyo makubaliano yalikuwa kila mwenye jike apeleke mzigo wa majani kwa zamu nyumbani kwa mtunza dume. Wiki mbili za kwanza majani yalijaa mpaka yakaoza. Mwezi wa tatu alikuwa anahangaika mtunzaji peke yake. Pia dume hatakiwi kupanda binti zake, kwa hiyo baada ya muda anabadilishwa na dume wa kijiji kingine. Hiyo inahitaji nauli, kumbukumbu za nani kazaa na nani, na mtu wa kupiga simu. Shirika lilikuwa na mtu huyo mmoja. Mkataba wake ulipoisha akaondoka na daftari.

Nami nina sehemu yangu, niiseme. Shirika liliponiita kufundisha, nilidai posho. Nilikuwa na mshahara wa serikali, kata ni yangu, kazi ni yangu, na bado nilidai. Wakulima nao wakadai posho ya kukaa na nauli, hata waliotoka nyumba ya jirani na ofisi ya kijiji. Mwenyekiti akapewa yake, mtendaji yake. Siku moja mratibu, kijana mpole sana, alinionyesha karatasi ya matumizi ya mafunzo ya siku mbili. Soda, maandazi na posho zilikuwa zimekula fedha ambayo ingenunua majike wawili. Hakunilaumu, aliikunja tu karatasi akairudisha mfukoni. Nimeikumbuka karatasi ile mara nyingi kuliko cheti chochote nilichopewa.

Mtu atasema, hizo ni fedha za wafadhili, wacha tule. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huohuo USAID ilikuwa imeacha kuendesha miradi ya misaada. Watu walipokea barua asubuhi, mchana ofisi imefungwa. Hata mashirika ambayo hayakuwahi kugusa dola moja ya huko yalijua siku ile kwamba mfuko wa mbali unaweza kufungwa bila mtu wa kijijini kuulizwa. Na hata fedha ikiwepo huwa imefungwa kwa mafungu. Iliyoandikwa "mafunzo" hainunui chanjo, iliyoandikwa "magari" hailipi mlinzi. Ndiyo maana utaona shirika lina mabango matano na halina dawa ya minyoo. Si lazima wawe wameiba.

Kwa hiyo tunawasaidiaje, sisi ambao pochi zetu tunazijua? Nina mfano wa karibu, na huu ni wa kuku.

Katika kata niliyopo sasa kuna asasi ndogo ya akina mama inayopambana na mdondo, ule ugonjwa wengine wanauita kideri. Wamefundisha wachanjaji wawili kila kijiji. Wanatumia chanjo ya I-2, ile inayotengenezwa hapa nchini na maabara ya mifugo ya serikali, ambayo inastahimili joto kidogo kuliko chanjo nyingine. Kuku anawekewa tone moja kwenye jicho moja, mkubwa kwa mdogo tone ni lilelile, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ni kinga tu, haitibu. Ugonjwa ukishaingia bandani umechelewa.

Tatizo la chupa ya chanjo ni kwamba ina dozi nyingi, mia na zaidi, na ikishafunguliwa haikai. Mama mwenye kuku sita hawezi kuinunua peke yake, itakuwa kumwaga pesa. Lakini kaya ishirini zikileta kuku siku moja, kila kuku anaangukia fedha ndogo sana. Tena faida yake haigawanyiki: kuku wa jirani asiyechanja wanakula kwenye jalala lilelile na wa kwako. Mdondo ukiingia kijijini unaweza kusafisha mabanda, na kuku ndiyo benki ya mama wa nyumbani. Ndiyo sare ya shule, ndiyo nauli ya kwenda hospitali usiku.

Asasi ile haina mfadhili kwa sasa. Inaishi kwa vitu ambavyo hata huwezi kuviandikia mradi. Mwenye duka la dawa baridi amewapa nafasi kwenye friji yake. Mzee mmoja ametoa kivuli cha mwembe wake kuwa kituo. Vijana wa bodaboda wanaichukua chanjo mjini wakiwa wanarudi na abiria, hawachaji. Sheikh anatangaza siku ya chanjo baada ya sala ya Ijumaa na kanisani wanatangaza Jumapili. Binti aliyemaliza kidato cha nne anawaandikia daftari: jina, kuku wangapi, wamelipa shilingi ngapi, wangapi walikufa tangu mara ya mwisho. Daftari hilo ndilo walilolipeleka halmashauri kuomba friji yao wenyewe. Bila daftari ungekuwa umbea tu.

Wakati wa mavuno wanapita na debe. Anayeweza anatia kisado cha mahindi, anayeweza zaidi anaongeza. Yanauzwa, wachanjaji wananunuliwa mabuti na muda wa maongezi. Naupenda utaratibu huu kwa sababu mkulima fedha taslimu mwezi wa pili hana, lakini mwezi wa saba mahindi anayo.

Jambo ambalo watu hawalihesabu kama msaada ni kuuliza mahesabu. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu. Simama, sema kwa heshima, "Mwenyekiti, tunaomba asasi yetu itusomee mapato na matumizi." Kiongozi mwema atashukuru, maana maswali ya hadharani yanaua minong'ono. Asasi niliyoitaja inasoma hata shilingi mia iliyopungua. Mwaka juzi mweka hazina mmoja alitoka machozi mkutanoni kwa sababu ya elfu nne isiyoonekana, ikaja kugundulika mchanjaji alinunua sabuni hakuandika. Kuna waliocheka. Mimi sikucheka.

Na maswali hayohayo yatakukinga na matapeli, maana wapo. Anayekuja na fomu na kukutoza "ada ya kuingizwa kwenye mtaji wa wafadhili" muombe cheti cha usajili, nakili namba yake, nenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri. Yeye ndiye anayewajua walio kwenye daftari la wilaya. Anayekuharakisha ulipe leo kabla nafasi hazijaisha, mwache aende na nafasi zake.

Kwa wale ambao mna mnyama wa kopa lipa bandani sasa hivi, hili nawaomba kipekee. Deni lako si la shirika, hata kama shirika limefungwa na mratibu amehama. Orodha ipo, na kama haipo majina mnayajua. Mtoto jike akifikisha miezi minne au mitano, mwite mtendaji na majirani wawili kama mashahidi, mkabidhini anayefuata, mwandike. Mkifika hapo mnitafute, nitakuja kumkagua mnyama na kumpa dawa ya minyoo kabla hajahama. Posho sihitaji.

Yule mama wa mnadani nilimpigia juzi. Nimemwambia ukweli kwamba shirika lilishakufa na kwamba mimi nilikuwa mmoja wa waliolila. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi bwana shamba, nitafutie hata wa kununua kwa mafungu." Namtafutia. Mwenye jike chotara wa maziwa, mzao wa kwanza au wa pili, asiye na ugonjwa wa kiwele, na aliye tayari kulipwa kidogo kidogo hadi mavuno, anione ofisini kata siku yoyote ya kazi asubuhi.

Na wa huku kwetu: chanjo ya mdondo ni Jumamosi ya wiki ijayo, chini ya mwembe kama kawaida, saa kumi na mbili asubuhi. Wafungieni kuku ndani tangu usiku. Ukiwaachia alfajiri utatukimbiza kijiji kizima.